Insha ya Maelezo: Namna ya Kutengeneza Chachandu ya Ukwaju

Chukulia umeulizwa: "Eleza namna ya kuandaa achari, kachumbari au chachandu inayoliwa kwenu." Watahiniwa wengi huliona swali hili ni la mteremko, kisha hupoteza alama kwa kuandika orodha ya mahitaji badala ya insha. Wengine huanza na "Chakula ni muhimu kwa maisha ya binadamu." Iache sentensi hiyo, haimwelezi msomaji chochote. Anza na kitu chenyewe. Kwa mfano, chachandu huitwa pia chatini, neno lililotoholewa kutoka chatni la Kihindi, ambalo asili yake ni kitenzi chenye maana ya kulamba. Mkwaju wenyewe ni mti wa asili ya Afrika, ingawa Waarabu waliliita tunda lake tende ya India. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha kwa utangulizi.

Soma sasa kiini cha insha:

"Hapa Karatu chachandu ya ukwaju huliwa kwa bajia, sambusa au mihogo ya kukaanga. Kwanza, gramu 100 za ukwaju hulowekwa katika vikombe 2 vya maji ya moto kwa dakika 30 ili nyama yake ilegee na kuachana na kokwa. Kisha hukamuliwa kwa mkono safi na kuchujwa. Rojo linalopatikana hubandikwa kwenye moto mdogo pamoja na chumvi, pilipili, punje 2 za kitunguu saumu kilichotwangwa na bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta. Sukari hutiwa kidogo kidogo huku ikionjwa, kwa kuwa ukali wa ukwaju haulingani. Chachandu huepuliwa ingali nyepesi kidogo, kwani ikipoa huwa nzito. Mwisho huhamishiwa kwenye chupa ya kioo, maana ikilala katika sufuria ya alumini asidi yake hula sufuria na ladha huharibika. Wakati wa kula, wengine huongeza kitunguu cha Mang'ola kilichokatwakatwa."

Angalia maneno ili, kwa kuwa, kwani na maana. Ndiyo yanayobeba sababu, na sababu ndizo zinazoitofautisha insha na karatasi ya mapishi. Bila hizo, msomaji atajua cha kufanya lakini siku ukwaju ukizidi ukali hatajua arekebishe nini.

Angalia pia vitenzi: vinavyotaja hatua vimetumia hu- ya mazoea tangu mwanzo hadi mwisho. Linganisha na sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila ninaposahihisha: "Loweka ukwaju, halafu tunachuja, baadaye huchemshwa." Ina amri, nafsi ya kwanza wingi na mazoea kwa pamoja. Ukichagua amri, baki na amri.

Zoezi
1. Sahihisha sentensi hiyo kwa njia mbili tofauti.
2. Mkwaju na ukwaju ni nomino za ngeli zipi? Tunga sentensi moja kwa kila nomino kuthibitisha upatanisho wake.
3. Andika insha ya maneno 200 kuhusu kuandaa kachumbari. Kila hatua iwe na sababu yake.