Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Mzee Kala Chumvi Nyingi, Je, Deni Lake Limelipwa?



Ndugu yangu, alhamdulillah tumeamka tena salama. Hapa Karatu ukungu umeshuka mpaka barabarani, uji wa daku unapoa kabla hujaumaliza. Leo naomba dakika zako chache tu. Soma taratibu, ukimaliza ufanye jambo moja kabla ya magharibi.

Bila shaka umewahi kukaa msibani kwa mzee ukasikia watu wakisema, "Huyu bwana aliishi, kala chumvi nyingi." Hata mnaolia mnatikisa kichwa, mnakubali. Ni kweli, aliishi. Lakini swali la leo ni la sisi tuliobaki: tumemfanyia nini?

*UMRI MREFU NI MTAJI*

Mtume (S.A.W) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mbora wa watu ni yule ambaye umri wake umekuwa mrefu na amali zake zikawa njema. Angalia, mambo ni mawili, si moja. Miaka peke yake haitoshi. Miaka ni kama mtaji wa duka: mmoja anaufanyia biashara, mwingine anaula wote.

Baba yangu, Allah amrehemu, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Yeye alikuwa anasema alikuwa kijana wa miaka kama 15 mwaka ule wafugaji walipohamishwa kutoka Serengeti kuletwa Ngorongoro, yaani 1959. Basi sisi tukakadiria miaka 80.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo miaka 80 ya jua ni zaidi ya miaka 82 ya mwezi. Ukitoa miaka 15 ya utoto, zinabaki Ramadhani 67! Na kwa kuwa Ramadhani huzunguka misimu yote katika miaka kama 33, mzee yule aliuona mzunguko mzima mara mbili. Alifunga kwenye matope ya masika, kwenye baridi ya Julai inayotutafuna huku juu, na kwenye vumbi la Septemba. Kisha mzunguko ukaanza tena, naye akaanza nao.

Wewe umeshapata Ramadhani ngapi? Zihesabu leo. Usiziache zikapita kama magari ya watalii, unayaona tu yakielekea getini.

*USIDHANI KILA BABA HUTANGULIA*

Baba alikuwa dereva wa lori. Kabla ya lami, alipandisha unga, sukari na chumvi mpaka Endulen, na akashuka Mang'ola kuchukua vitunguu. Ukishapita geti la Lodoare ukafika ukingoni mwa kreta, utaona kaburi la kijana mmoja Mjerumani, Michael Grzimek. Alikuwa anahesabu wanyama kwa ndege, ndege ikagongana na tai, Januari 1959. Alikuwa na miaka 24. Baba yake, Bernhard, aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki 1987, na majivu yake yakaletwa yakazikwa hapo hapo kwa mwanawe.

Kila tukipita pale baba alipunguza mwendo, akaniambia, "Hapa baba kamfuata mtoto." Basi. Hakuongeza neno.

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Sasa naelewa. Sisi tunadhani kuna foleni: babu kwanza, halafu baba, halafu mimi. Hakuna foleni. Kama Allah amekujaalia kumzika mzazi wako mzee, tena kitandani kwake, watoto wamemzunguka, basi hiyo nayo ni neema. Na neema ina haki yake.

*KAUNTA BUKU*

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nalisema kwa aibu, lakini huenda likamsaidia mtu.

Siku ya maziko tulisimama makaburini tukatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aje kwetu, tupo. Waliokuwepo walisikia. Arobaini tukachinja ng'ombe, watu wakala, wakasoma, wakamsifu mzee. Wiki ile ile, mama akafungua sanduku, akanipa kaunta buku la baba lenye jalada jeusi. Ukurasa wa mwisho kabisa aliandika kwa mkono wake kwamba mzee mmoja wa Mang'ola anamdai magunia matatu ya vitunguu, bado shilingi 210,000.

Nikasema, nitakwenda. Kweli nilinuia. Lakini Mang'ola ikawa mbali. Kila mwezi ilikuwa mbali. Ramadhani ikapita, na ya pili ikapita. Katikati hapo nikanunua simu mpya, tena kwa bei zaidi ya deni lile. Na kila baada ya sala nilikuwa namuombea baba dua ndefu mpaka machozi yananitoka. Unaona? Macho yalikuwa yanalia, mkono umefumbwa.

Siku moja kwenye darsa sheikh akaeleza hadithi kwamba nafsi ya muumini hubaki imetundikwa kwa sababu ya deni lake mpaka lilipwe. Wallahi sikusikia kilichoendelea baada ya hapo. Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia watu jinsi mzee wangu alivyokuwa mwaminifu, kumbe mimi ndiye ninayemzuia.

Kesho yake nikashuka Mang'ola nikiwa nimefunga. Nilimkuta yule mzee kwenye shamba lake, anakagua mfereji wa maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa yule wa lori. Una pua yake."

Nikampa fedha, nikaomba radhi. Akazihesabu mara mbili, akaziweka mfukoni. Akaniambia, "Baba yako sikuwa na kinyongo naye, nilijua mauti yamemkatiza. Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri."

Sikuwa na la kujibu. Mzee yule si Mwislamu, lakini alijua vizuri nani sasa anadaiwa. Wakati naondoka akanifungia vitunguu kwenye mfuko, "Mpelekee mama yako vya futari." Halafu akanisindikiza mpaka barabarani huku ananisimulia habari za baba za ujanani ambazo sijawahi kuzisikia. Kumbe kuna sehemu ya baba yangu ilikuwa Mang'ola miaka yote hiyo, na mimi naitafuta kwenye picha!

*TUFANYE NINI?*

1. *Lipa deni kwanza.* Katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, Allah ameuweka mgawo wa mirathi baada ya wasia na deni. Kwa hiyo mali ya marehemu kwanza humgharamia maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Sisi wengine tunagawana shamba na kuchinja ng'ombe, deni liko palepale. Usitegemee tangazo la makaburini peke yake. Fungua madaftari, angalia simu yake, waulize rafiki zake wa biashara.

2. *Uliza deni la Allah.* Je, aliacha siku za Ramadhani ambazo aliweza kuzilipa na hakuzilipa? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba aliyekufa akiwa na saumu juu yake, walii wake atamfungia. Wapo wanazuoni wanaosema hutolewa kibaba cha chakula kwa kila siku. Muone sheikh wako akuelekeze. Kama zaka na hija zilimlazimu na hakutekeleza, uliza pia.

3. *Toa sadaka kwa niaba yake.* Saad bin Ubada (R.A) alifiwa na mama yake yeye akiwa hayupo. Akamuuliza Mtume (S.A.W) kama sadaka itamfaa mama. Akajibiwa ndiyo, naye akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama. Wewe huna bustani? Tanki la maji kwa jirani wa bondeni, juzuu chache za madrasa, futari ya mayatima. Hata kidogo, kikiwa cha halali.

4. *Watembelee rafiki zake.* Abdullah bin Umar (R.A) alikutana na bedui njiani kuelekea Makka, akampa punda wake na kilemba chake. Watu wakashangaa, bedui anaridhika na kidogo! Akawaeleza kuwa baba wa mtu yule alikuwa kipenzi cha baba yake Umar, na kwamba alimsikia Mtume (S.A.W) akifundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa ni kuwaunga wale aliowapenda baba yako. Hadithi hii iko kwa Muslim.

5. *Dumu na dua.* Amali za binadamu hukatika akifa, isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Hizo mbili za mwanzo mzee aliziandaa mwenyewe. Ya tatu ni wewe. Ukikosekana wewe, mlango huo nani atausimamia?

Na wewe ambaye baba yako bado yupo, usisome haya ukasema ni ya mayatima. Mpigie leo. Msalimie, halafu muulize kwa adabu, "Baba, kuna mtu anakudai? Kuna saumu unadaiwa?" Ni swali zito, najua. Lakini ni jepesi zaidi akiwa anaweza kujibu.

*ZOEZI LA LEO:* kabla ya kufuturu, andika jina moja la mtu anayemdai mzazi wako, au rafiki yake mmoja ambaye hujamjulia hali tangu msiba. Mmoja tu. Mpigie, au panga siku ya kwenda. Usiseme "nitakwenda" kama nilivyosema mimi.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Yapanue makaburi yao, yatie nuru, usamehe makosa yao na makosa yetu kwao. Utupe umri wenye amali njema, na watoto watakaotulipia pale tutakapokatizwa. Aamin.

Mfikishie na ndugu yako mmoja ambaye mzazi wake ametangulia. Tukutane kesho inshaAllah, siku ya 19. Futari njema.