Tenisi ya Klabu na Afya ya Jamii: Somo kwa Makocha wa Unguja

Tenisi iliingia Unguja pamoja na klabu za wanachama. Klabu ya Waingereza ilianzishwa mwaka 1888, na jengo lake la Shangani leo ni Hoteli ya Africa House. Haikuwa mahali pa mkaazi wa Ng'ambo. Hata katika viwanja vya Mnazi Mmoja, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, michezo ya zama za ukoloni ilifuata mafungu ya rangi na jamii. Mapinduzi ya 1964 yaliuondoa mpangilio huo, lakini tenisi ilibaki na sifa ya kuwa mchezo wa wenye nafasi. Sifa hiyo inagusa afya, kwa kuwa mchezo huu unatajwa miongoni mwa michezo yenye faida kubwa kwa moyo, na faida hiyo haimfikii asiyeingia kiwanjani.

Ushahidi na mipaka yake

Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watu 8,577 kwa muda wa hadi miaka 25. Wacheza tenisi walionekana kuishi takriban miaka 9.7 zaidi ya watu wasiofanya mazoezi, ilhali kwa wacheza mpira wa miguu tofauti ilikuwa miaka 4.7. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusu watu wazima 80,306 wa England na Scotland ulikuta kwamba wacheza michezo ya raketi walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, pungufu kwa asilimia 56.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Tafiti zote mbili ziliangalia watu walivyo. Hazikuwagawa kwa kura. Mwenye uwezo wa kulipa ada ya klabu huenda pia ana lishe bora, kazi isiyomchosha na daktari wa karibu. Sehemu ya miaka hiyo inaweza kutokana na hali ya maisha, si raketi. Hata hivyo, faida ya kuushughulisha mwili haina shaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na wastani wa dakika 60 kwa siku kwa mtoto. Saa moja ya tenisi mara tatu kwa wiki inatosha kumfikisha mtu mzima katika kiwango hicho.

Kiwanja kimoja, watoto kumi na sita

Kiwanja kamili kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 kwa mchezo wa wawili wawili. Kikitumiwa hivyo, hubeba wachezaji wanne tu. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianza mwaka 2007 kuhimiza mipira laini na viwanja vidogo kwa wanaoanza, na tangu mwaka 2012 kanuni zake haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Mpira mwekundu huenda polepole na kuruka chini, hivyo mtoto huupiga usawa wa kiuno badala ya kuukimbilia juu ya kichwa. Kwa kamba na chaki, kiwanja kimoja hugawanywa kuwa vidogo vinne, na watoto kumi na sita hucheza kwa pamoja.

Ratiba nayo ni sehemu ya tiba. Watoto wengi wa Unguja huenda skuli na chuo cha Kurani kwa siku moja. Kipindi kinachogongana na chuo kitabaki na watoto wachache. Wasichana na akina mama huhudhuria kwa wingi zaidi panapokuwa na saa zao na mavazi ya stara yakakubaliwa bila masharti. Angella Okutoyi wa Nairobi, aliyelelewa na bibi yake, alitwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon mwaka 2022 katika mchezo wa wawili wawili. Kipaji kama chake huonekana tu pale mtoto anapopewa nafasi ya kushika raketi.

Kumjua mchezaji kabla ya kumchezesha

Kufungua lango bila tahadhari kunaweza kuleta madhara. Mtu mzima anayeanza apimwe shinikizo la damu na aulizwe kuhusu kisukari, maumivu ya kifua na dawa anazotumia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto mwenye maradhi hayo acheze kwa ushauri wa daktari wake. Mwenye kurithi chembe moja tu kwa kawaida hucheza salama, lakini aongezewe mazoezi kidogo kidogo, anywe maji na asilazimishwe mbio za ghafla zinazorudiwa.

Joto la kaskazi

Msimu wa kaskazi, joto huzidi nyuzi 30 na unyevu huzuia jasho kukauka. Vipindi viwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mwili wa mgeni au wa anayeanza huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Katika Ramadhani, mazoezi mepesi karibu na futari, au baada ya tarawehe penye taa, yanafaa kuliko ya mchana.

Mchezaji anayepepesuka, kuchanganyikiwa au kuzimia huku mwili ukiwaka moto huenda amepatwa na kiharusi cha joto. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu na Mji Mkongwe, lakini ukaribu huo usimfanye kocha aanze na safari. Apozwe kwanza hapo hapo kwa maji baridi mwili mzima na upepo, msaada ukiwa umeshaitwa, kisha apelekwe. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu.

Kiwiko na bega

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko hutokana na kano kutumikishwa kupita kiasi, hasa kwa pigo la nyuma lenye mkono uliolegea. Kocha apunguze idadi ya mipira, akague unene wa mpini, na afundishe kugeuza kiwiliwili ili nguvu itoke miguuni. Dakika kumi za kupasha mwili moto zitangulie kila kipindi.

Klabu inayotenga kiwanja kimoja kwa saa mbili, mara tatu kwa wiki, haipotezi haki ya wanachama wake. Kwa kipimo cha shinikizo la damu, ndoo ya maji baridi, mipira laini na kocha aliyefunzwa, inaweza kulinda afya ya mtaa mzima.