Walimu Wadogo wa Don Bosco

Katika nchi ya Kongo shule hufungwa miezi ya Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, na wanafunzi hurudi vijijini kwa wazazi wao. Wengi hudhani ya kuwa likizo ni wakati wa kulala na kutangatanga tu. Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye watu humwita Don Bosco, aliziogopa sana siku za namna hiyo, maana aliona ya kuwa ndizo siku ambazo Shetani huvuna roho nyingi za vijana. Lakini hakuwafungia vijana wake ndani. Aliwapa mzigo wa kweli wauchukue.

Don Bosco alikuwa padri wa mji wa Torino, katika Italia. Mwaka 1846 alianza kukaa mtaa wa Valdocco, akawakusanya vijana maskini, waashi na yatima, akawafundisha usiku kusoma, kuandika na katekisimu. Wanafunzi wakazidi, walimu wakapungua, wala fedha ya kuwalipa walimu wengine haikuwapo. Ndipo alipochagua vijana 8 au 10, akawafundisha mwenyewe lugha na hesabu pasipo malipo, kwa sharti moja: nao wawafundishe wenzao. Hao aliwaita walimu wake wadogo. Sharti hilo lilikuwa la busara, kwa maana mtu halijui somo vema mpaka amemfundisha mwingine.

Mwaka 1854, wakati wa joto, kipindupindu kiliingia Torino. Watu walikimbia, na wagonjwa wengine wakaachwa hata na ndugu zao. Tarehe 5 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, Don Bosco alisema na vijana wake, akawaomba walio wakubwa waende pamoja naye kuwahudumia wagonjwa. Hakumlazimisha mtu. Walisimama 14, na baadaye wengine 30. Aliwaagiza wakae katika neema ya Mungu na kuvaa medali ya Bikira Maria. Tena aliwaagiza wachukue chupa ya siki, wapate kuosha mikono kila walipokwisha kumgusa mgonjwa. Imani yao haikuwa sababu ya kudharau usafi. (Leo yajulikana ya kuwa ugonjwa huu huenezwa hasa na maji machafu, basi maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.)

Vijana hao waliwabeba wagonjwa, wakawaosha, wakapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta walioachwa. Yasimuliwa ya kuwa kila mara kijana mmoja alirudi kusema kwamba mgonjwa fulani hana shuka, na Mama Margherita, mamaye Don Bosco, alitoa alicho nacho, hata mwisho akatoa kitambaa cha altare. Katika vijana wale hakufa hata mmoja kwa ugonjwa huo.

Mwezi wa Oktoba mwaka uleule aliingia Valdocco mtoto wa miaka 12, jina lake Domenico Savio. Tarehe 8 Juni 1856, yeye na rafiki zake walianzisha Chama cha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kila mwana-chama alikabidhiwa mwenzake mmoja, aliye mgeni au mkaidi au mpweke, acheze naye, amsaidie masomo, amwonye kwa upole. Hapo ndipo palipo pagumu. Kumshtaki mkaidi mbele ya padri ni kazi ya dakika moja. Kumvumilia mwaka mzima ni kazi nyingine. Kiongozi wa namna hii si kapita mwenye fimbo. Yezu mwenyewe aliinama akawaosha Mitume miguu.

Domenico alikufa tarehe 9 Machi 1857, hajatimiza miaka 15. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1954. Rafiki zake hawakutawanyika: tarehe 18 Desemba 1859 watu 18, Don Bosco akiwa mmoja wao, walianzisha Shirika la Wasalesiani, na wengi wao walikuwa vijana wa chama kile. Mwaka 1911 Wasalesiani wa kwanza walifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi.

Wakatekumeni wajibu mbele ya katekista wao: Kwa nini Don Bosco hakuwalazimisha vijana kwenda kwa wagonjwa? Na katika kijiji chao, ni mtoto gani ambaye wenzake hawachezi naye, na nani atakayekwenda kwake kabla ya Jumapili?