Punda Aliyezeeka: Lini Kumtunza, Lini Kumpumzisha



Katika maboma mengi ya Handeni na Korogwe, punda ndiye anayeleta maji nyumbani wakati wa kiangazi. Ndiye anayebeba mahindi kutoka gulioni, na vyombo siku ya kuhama. Ng'ombe akizeeka hupelekwa mnadani. Punda akizeeka hana mnada, na wengi huachwa porini wajifie. Punda aliyeanguka porini hafi haraka. Hushinda na kiu juani, na usiku fisi humla angali hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na huko ni kumtesa.

Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kuamua mapema, punda angali amesimama.

1. Hakikisha kwanza kuwa si ugonjwa unaotibika

Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Kwa hiyo punda wa miaka 15 aliyekonda huenda ni mgonjwa tu. Angalia:

- Meno. Akidondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, au kinyesi kikiwa na nyasi ndefu, meno yana kasoro. Jino lenye ncha kali linaweza kusawazishwa na mtaalamu.
- Kwato. Zikirefuka humfanya achechemee. Zikatwe na mtu anayejua.
- Minyoo na vidonda vya mgongo. Hutibika, ila kidonda hakiponi kama bado anabebeshwa.
- Mzigo. Punda wa kilo 150 asibebe zaidi ya kilo 50. Madumu 2 ya lita 20 ni kilo 40. Madumu 4 ni kilo 80, nayo ni mateso hata kwa punda kijana.

Punda mzee anayekula na kutembea vizuri aachishwe kazi na akae bomani. Mpe majani laini, pumba kidogo iliyolowekwa, maji ya karibu na kivuli. Anaweza kuishi hivyo muda mrefu bila shida.

2. Dalili kwamba muda umefika

Punda huficha maumivu. Hapigi kelele, hushusha kichwa, hulegeza masikio na kusimama peke yake. Ukiona hivyo, ujue amejikaza siku nyingi. Kila jioni jiulize:

- Je, leo amekula na kunywa mwenyewe?
- Je, amelala na kuinuka bila kusaidiwa?
- Je, amewafuata wenzake?
- Je, amekaa bila kuchechemea sana wala kutetemeka?

Kama majibu yote ni ndiyo, weka kokoto nyeupe kwenye kopo. Kama hata moja ni hapana, weka nyeusi. Fanya hivyo kwa siku 14. Nyeusi zikizidi nyeupe, na mtaalamu amekwisha kumtibu bila nafuu, muda umefika. Kokoto husaidia kwa sababu macho yanayomwona punda kila siku huzoea hali yake mbaya.

3. Hali zisizosubiri

Mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo kama punda:

- amevunjika mguu;
- ameshindwa kusimama hata baada ya kusaidiwa;
- anajibiringisha kwa maumivu ya tumbo;
- ameacha kula siku nzima. Punda akikaa na njaa, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi na kuharibu ini.

Tahadhari: Punda anayeng'ata watu ovyo, kutoa mate mengi au kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni. Punda aliyekufa ghafla na kutoka damu puani au sehemu ya haja anaweza kuwa na kimeta. Usimpasue wala usimchune. Toa taarifa.

4. Nani aamue

Katika kaya nyingi, mwenye boma ndiye msemaji, lakini anayemfunga punda mzigo kila asubuhi ni mama. Yeye ndiye anayejua kama ameanza kujikwaa au kubakiza chakula. Mzee wa boma, msikilize kabla ya kuamua. Watoto nao waambiwe ukweli, wasidanganywe kwamba punda amepotea.

5. Namna ya kumpumzisha

Kumpumzisha ni kumuua haraka bila mateso. Kazi hii ifanywe na mtaalamu wa mifugo kwa sindano, au kwa risasi moja inayopigwa na mtu mwenye ujuzi na kibali. Usitumie rungu, kamba wala sumu.

- Chimbeni shimo kabla, lenye kina cha mita 2 au zaidi, mbali na kisima, lambo na mto. Punda atembezwe taratibu hadi karibu nalo.
- Punda mwenzake awepo karibu, na aachwe amnuse maiti kabla ya kuzika. Akitenganishwa ghafla humtafuta na anaweza kuacha kula. Mwangalieni kwa siku kadhaa.
- Aliyechomwa sindano hana nyama ya kuliwa. Dawa hubaki mwilini na huua mbwa, fisi na tai. Azikwe mzima.

6. Usimuuze kwa mnunuzi wa ngozi

Anayezunguka kutafuta punda wazee hatafuti mnyama wa kazi, anataka ngozi. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda mgonjwa aliyeuzwa hivyo hutembezwa au kupakiwa kwenye gari safari ndefu bila maji. Fedha unayopata ni kidogo, naye hufa vibaya kuliko angekufa nyumbani.

Kumbuka

Masika yakiisha, kagua punda wako wote. Aliyekonda wakati majani ni mengi hataweza kuvuka kiangazi. Mwite afisa mifugo wa kata wakati huo, angali na nguvu za kutembea. Aliyekubebea maji miaka 20 anastahili kufia nyumbani, mbele ya watu anaowajua.