Goti jipya halitaki kulazwa

MAMA mmoja wa Mbooni, Makueni, alirudi nyumbani na goti la bandia. Wanawe, wafanyakazi wa mjini, walimkataza hata kuinuka. Nilipomwona baada ya wiki sita, goti lilikuwa limekakamaa na paja limekonda.

Walimpenda, lakini walimkosea. Mgonjwa wa upasuaji huu husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa magongo. Akilala tu, misuli hunyauka na damu yaweza kuganda miguuni. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikimpaa, mkimbizeni hospitali.

Wiki za kwanza alikunje goti na kulinyosha mara kadhaa kwa siku, ingawa linauma. Ameze dawa ya maumivu kwanza. Msimwekee mto chini ya goti (kosa hili naliona mno). Kisha atembee uani, halafu njiani, tambarare kabla ya mteremko.

Taabu kubwa kwetu ni choo na maji. Wengi hawawezi tena kuchuchumaa kabisa, basi tengenezeni kiti cha mbao juu ya choo cha shimo. Na kule Kitui, kupiga magoti mchangani kuchota maji ya mto uliokauka, kisha kubeba mtungi mgongoni, awaachie vijana na punda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25.

Mama yule alianza mazoezi kwa machozi. Siku hizi hupanda hadi soko la Kikima kwa fimbo moja.