SOMO: MASHINE YA KUPIGA MISUMARI KWA HEWA – TUKUBALIANE KABLA YA KUIWASHA



Wapendwa wanavikundi, somo letu la safari hii ni juu ya mashine ya kupiga misumari kwa nguvu ya hewa. Mafundi wengine huiita bunduki ya misumari, na jina hilo si la mchezo. Ukipita Kitengela, kandokando ya barabara ya Namanga, utaisikia ikilia ta-ta-ta katika karakana za sofa, ambako mafundi hupiga pini za stepla kwa hewa. Huku kwetu Kimana wengi bado ni watu wa nyundo. Lakini mashamba yanayonyweshwa na chemchemi za Kilimanjaro yanatoa nyanya, nyanya zinataka makreti, na lori la kwenda Emali halingojei mtu. Kwa hiyo si ajabu kikundi kikiuliza: je, na sisi tununue kompresa na hiyo mashine?

Sisi hatusemi msinunue. Tunasema hivi: kanuni za mashine hii zikubaliwe na kikundi kizima kabla haijawashwa, wala asiachiwe fundi mmoja azitunge siku ya haraka. Tutafuata njia yetu ya kawaida: tuone, tuamue, tutende.

TUONE

Mashine inafanyaje kazi? Kompresa huvuta hewa na kuibana ndani ya tangi. Hewa hupita kwenye mpira mpaka kwenye mashine iliyo mkononi. Ukivuta triga, hewa husukuma pistoni, nayo pistoni huupiga msumari mara moja ukazama wote. Gurudumu la gari dogo hujazwa hewa hadi geji isome 30 hivi. Mashine kubwa za misumari hutumia kati ya 70 na 120 kwa geji hiyo hiyo. Nguvu inayozamisha msumari mzima katika mbao ngumu haiwezi kushindwa na kiganja cha mtu. Nyundo ikikosea huponda kidole. Mashine ikikosea hutoboa mkono upande hadi upande.

Mdomoni mwa mashine ya misumari kuna kipande cha chuma kinachorudi ndani ukikibonyeza juu ya ubao. Sisi tutakiita ulimi wa usalama. Usipobonyezwa, triga haifanyi kitu. Lakini triga zenyewe ni za aina mbili, na hapa tusikilizane vizuri.

Aina ya kwanza ni triga ya kugusa. Fundi anaweza kushikilia triga muda wote, na kila mara mdomo unapogusa kitu, msumari unatoka. Ni ya kasi sana. Lakini haijui kama kilichoguswa ni ubao, ni goti, au ni mgongo wa mwenzako anayepita. Tena mashine huruka kidogo inapopiga. Ikirudi chini kabla kidole hakijaachia, inafyatua msumari wa pili ambao hukuutaka.

Aina ya pili ni triga ya hatua kwa hatua. Kwanza unabonyeza ulimi kwenye ubao, halafu unavuta triga, msumari mmoja unatoka. Ukitaka mwingine lazima uachie triga, uinue mashine, uanze upya. Ni ya pole pole kidogo, na faida yake iko hapo hapo.

Katika nchi ya Marekani, ambako mashine hizi zimeenea sana kwa ujenzi wa nyumba za mbao, mashirika mawili ya serikali, NIOSH na OSHA, yalitoa mwongozo mwaka 2011. Mwongozo huo ulieleza kwamba watu kama 37,000 hufika kwenye vyumba vya dharura vya hospitali kila mwaka kwa majeraha ya mashine hizi. Sehemu zinazoumizwa zaidi ni mikono na vidole. Tena ulieleza kwamba anayetumia triga ya kugusa yuko katika hatari karibu mara mbili ya anayetumia triga ya hatua kwa hatua. Hiyo ni nchi yenye hospitali karibu. Sisi tujipime.

Sasa tuangalie kazi zetu wenyewe. Kreti ya nyanya hutengenezwa kwa mbao nyembamba. Msumari mrefu hupita ubao mwembamba kama sindano katika kitambaa, ukamkuta fundi ameweka mkono ndani ya kreti akishikilia pembe. Mbao nazo zina mafundo. Msumari ukikutana na fundo unaweza kupinda na kutokea ubavuni mwa ubao, mahali usipotazamia. Kwa wanaotengeneza sofa, tujue kwamba stepla nyingi ndogo hazina ulimi wa usalama kabisa. Triga peke yake inatosha kufyatua pini hewani, ikamfikia mtu jichoni.

Jambo lingine ni stima. Stima ikipotea, watu husema mashine imezimika. Sivyo. Tangi bado lina hewa, na mashine inaweza kupiga misumari kadhaa bila stima. Na stima ikirudi, kompresa ambayo swichi yake haikuzimwa inaanza yenyewe, hata kama hakuna mtu.

TUAMUE

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni vizuri: agizo hilo halimwambii anayepanda darini awe mwangalifu. Linamwambia mwenye nyumba ajenge ukingo. Mashine ikiwa ya kikundi, mwenye nyumba ni kikundi. Ulimi wa usalama ni ukingo. Triga ya hatua kwa hatua ni ukingo. Miwani ni ukingo.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu anayefanya kazi ana thamani kuliko mali na mitambo anayoitumia. Kwa lugha ya Kimana: mkono wa fundi ni mkubwa kuliko kreti.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo watu hufanya kazi, hata karakana ya mabati. Inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde wanaofanya kazi hapo, na inakataza mtu kuchezea kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Na kikundi kikiajiri fundi, kinakuwa mwajiri. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inampa mfanyakazi aliyeumia haki ya kulipwa fidia, na inamtaka mwajiri akate bima kwa ajili hiyo.

Basi, kama mambo haya yanajulikana, kwa nini watu bado hufunga ulimi wa usalama kwa mpira au waya? Tuseme ukweli. Ni kwa sababu ya malipo. Fundi anayelipwa kwa kila kreti, na watoto wanangoja karo, ataondoa chochote kinachomchelewesha. Tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tunamwonea. Kikundi ndicho kilichopanga malipo hayo.

Fanyeni hesabu pamoja. Tuseme kwa kufunga ulimi fundi anapata makreti 10 zaidi kwa siku, na kila kreti ina faida ya shilingi 20. Hiyo ni shilingi 200. Sasa wekeni upande wa pili nauli ya mgonjwa na msindikizaji hadi Hospitali ya Loitokitok, au mbali zaidi mpaka kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu. Ongezeni dawa, siku za kukaa bila kazi, na shamba lisilopaliliwa. Kidole kilichokufa ganzi hakina bei sokoni. Kila kikundi kiweke nambari zake chenyewe, nasi tunajua jibu litakuwa upande gani.

TUTENDE

Hizi ni kanuni kumi. Zisomwe kwenye mkutano, zijadiliwe, ziandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, halafu zibandikwe ukutani.

1. Tununue mashine ya triga ya hatua kwa hatua. Muuzaji asipojua tofauti, tutafute mwingine.

2. Ulimi wa usalama usifungwe wala kuondolewa. Mashine iliyochezewa isitumike mpaka itengenezwe.

3. Mkono usio na mashine ukae mbali na msumari, si chini ya sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mtoto wa shule. Ubao ubanwe kwa klempu au jiliwa. Kamwe usiweke kazi juu ya paja, na mkono usiwe ndani ya kreti wala upande ambao msumari unaelekea.

4. Kidole kisikae kwenye triga mtu anapotembea, anapopanda ngazi, au anapompa mwenzake mashine. Mashine isielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha.

5. Msumari ukikwama, toa mpira wa hewa kwanza, ndipo uguse mdomo wa mashine. Hata wakati wa kujaza misumari au kwenda kunywa chai, toa mpira.

6. Hewa isipite kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Tuanze na kidogo, tuongeze mpaka msumari uzame sawasawa. Ni hewa ya kompresa tu. Mtungi wa oksijeni wa wachomeaji au gesi ya kupikia inaweza kulipua mashine mkononi.

7. Kila aliye karibu avae miwani ya usalama, si fundi peke yake. Masikio nayo yazibwe, maana mlio huu huyadhuru pole pole bila mtu kujua. Miwani inunuliwe na kikundi, isikatwe kwenye malipo ya fundi.

8. Kompresa itunzwe. Kila jioni zima swichi, toa hewa, na ufungue koki iliyo chini ya tangi maji yatoke, kwa sababu maji hulifanya tangi liote kutu kutoka ndani. Vali ya usalama isizibwe. Tangi lenye kutu nyingi au ufa lisichomelewe kienyeji. Likipasuka ni kama bomu.

9. Hewa ya kompresa isitumike kupuliza vumbi mwilini. Ikipata kidonda au jicho inaleta madhara makubwa. Vijana wanaopulizana kwa utani wakatazwe mara moja.

10. Atumie mashine yule tu aliyefundishwa na kupigiwa kura na kikundi. Majina yaandikwe. Watoto na wageni wakae nje ya mstari uliochorwa sakafuni.

Juu ya malipo, tunashauri wakati wa kujifunza fundi alipwe kwa siku, si kwa kreti. Akishazoea, kikundi kikitaka kurudi kwenye kreti, kiweke idadi ambayo mtu anaweza kuifikia bila kufunga ulimi.

MTU AKIUMIA

Msumari ukiingia mwilini, msiuchomoe. Mara nyingine msumari huo una gundi au waya wa kuunganishia, na kuuchomoa kunaweza kuongeza jeraha na damu. Mfungeni kitambaa safi kuuzunguka ili usitikisike, mwinueni mkono juu, mkampeleke hospitali. Msipake majivu, mafuta wala tumbako. Ikiwa ni jicho, msiliguse, msilisugue, msilioshe. Lifunikeni kwa kikombe cha karatasi bila kulibana, mwondoke mara moja. Mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji, huenda akafanyiwa upasuaji.

Hata tundu dogo linataka daktari. Msumari huingia ndani sana, na ugonjwa wa pepopunda hupenda vidonda kama hivyo. Ulizeni kama amepata chanjo. Na kabla ya siku hiyo, kila mwanakikundi awe amejiandikisha na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kikundi kiwe na pesa kidogo za gari zilizowekwa kando, na namba ya simu ya dereva iwe ukutani. Kama aliyeumia ni mwajiriwa, ajali iripotiwe kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika karakana yetu, ni nani anayeamua kasi ya kazi: fundi, mwenyekiti, au mwenye lori?

2. Je, tunalipa kwa namna inayomfanya mtu avunje kanuni? Tubadilishe nini?

3. Kijana wa miaka 18 amepewa mashine yenye ulimi uliofungwa na mtu mkubwa kwake. Tumempa njia gani ya kukataa bila kuonekana hana adabu?

4. Kati ya kanuni hizi kumi, ni ipi tutakayoanza nayo wiki hii, na nani atatukumbusha?

Swali la tatu msilipite haraka. Kwetu kijana hamjibu mzee ovyo, na ni vizuri. Lakini kikundi kinaweza kukubaliana kwamba yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema neno moja, kwa mfano "mpira!", mwenye mashine anatoa mpira wa hewa kwanza, ndipo waulizane. Hapo kijana hajamkosea mzee heshima. Ametii kikundi.

Haraka haraka haina baraka, na nyanya za msimu huu zitafuatwa na za msimu ujao. Tupige misumari, tuuze makreti, na jioni kila mmoja arudi nyumbani na vidole vyake kumi.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.