MALARIA: HESABU YA SIKU KUMI ZA MBU

Katika vijiji vyetu wapo watu wasemao hivi: "Mbu ni wengi mno. Hata tukiua mia, maelfu watabaki. Chandarua kina kazi gani?" Wengine hukichukua chandarua wakakizungushia bustani ya mchicha, au wakakivulia dagaa. Leo tutawajibu kwa hesabu. Chukua kalamu na karatasi, tufanye pamoja.

Duara la malaria

Malaria huzunguka kati ya mtu na mbu. Mbu jike aina ya anofelesi humwuma mgonjwa akanyonya damu yenye vijidudu. Vijidudu hivyo hukua ndani ya mbu. Vikikomaa huingia katika mate yake. Mbu huyo akimwuma mtu mwenye afya humwambukiza, na mtu huyo naye huwapa mbu wengine vijidudu. Kadiri wagonjwa wanavyozidi, ndivyo mbu wenye vijidudu wanavyozidi. Na mbu hao wakizidi, wagonjwa huzidi tena. Hilo ndilo duara tunalotaka kulikata.

Katika duara hili kila kiumbe kina saa yake. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na hurudi kutafuta damu kila baada ya siku 2 au 3. Vijidudu navyo huhitaji siku 10 hivi au zaidi, katika sehemu za joto, ili vikomae ndani ya mbu. Ishike vizuri siku hiyo ya 10. Mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa leo, akafa siku ya 9, hakumwambukiza mtu.

Hesabu ya kwanza: umri wa mbu

Tuseme mbu 1,000 wamewauma wagonjwa leo. Tuseme tena kwamba kila siku, katika kila mbu 10, anakufa 1 na wanabaki 9. Kesho watakuwa 900, keshokutwa 810, mtondo 729. Endelea hivyo hadi siku ya 10. Utapata mbu wapatao 349. Hao wote wako tayari kuambukiza.

Sasa tuseme watu wote wa kijiji wanalala ndani ya vyandarua vyenye dawa. Mbu akija usiku kutafuta damu hugusa dawa. Kwa hiyo kila siku, katika mbu 10 wanakufa 3 na wanabaki 7. Kesho watakuwa 700, keshokutwa 490, mtondo 343. Siku ya 10 watabaki 28 tu!

Tazama ajabu hii. Vifo vya kila siku vimeongezeka kutoka 1 hadi 3 katika kila mbu 10. Lakini mbu wa kuambukiza wamepungua kutoka 349 hadi 28. Hatukuua mbu wote. Tumefupisha umri wao tu.

Njia hii ya kupima ugonjwa kwa hesabu ina historia. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India mwaka 1897. Mwaka 1911 alieleza kwa hesabu kwamba si lazima kumaliza mbu wote. Wakipunguzwa hadi chini ya kiwango fulani, malaria hufifia. Katika miaka ya 1950, mtaalamu George Macdonald aliendeleza hesabu hizo. Alionyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu kuna nguvu kuliko kupunguza idadi yao tu.

Kwa hiyo chandarua chako kinamlinda jirani pia. Mbu anayekufa kwako leo hatafika kwake siku ya 10.

Hesabu ya pili: vijidudu katika damu

Vijidudu vya malaria kali, iliyoenea zaidi Afrika, huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa muda wa saa 48 hivi. Kisha chembe hupasuka, vijidudu vipya hutoka na kuingia katika chembe nyingine. Chembe zinapopasuka ndipo homa hupanda.

Tuseme kijidudu 1 kinaleta 10 kila baada ya siku 2. Siku ya 4 vitakuwa 100. Siku ya 12 vitakuwa 1,000,000. Sasa unaona hatari ya kuacha dawa homa ikipoa. Vichache vilivyobaki vitaanza hesabu upya. Dawa mseto hutolewa kwa siku 3 ili ikute pia vijidudu vya kizazi kinachofuata.

Tena, usisubiri homa ije kwa zamu. Mara nyingi chembe hazipasuki kwa pamoja, na homa haifuati ratiba. Mtoto mdogo anaweza kufa wakati wazazi wanangoja.

Tufanye nini?

1. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kama mbu ni wachache.
2. Mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu.
3. Meza dozi yote kama ulivyoelekezwa, hata ukijisikia umepona. Usimgawie mwingine dawa.
4. Fukieni madimbwi karibu na nyumba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ikiwa kila siku wanabaki mbu 8 katika 10, kati ya mbu 1,000 watabaki wangapi siku ya 10? (Jibu: wapatao 107.)
2. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi ambazo watu wote hulala ndani ya chandarua? Wanaobaki nje, wanazuiwa na nini?
3. Tutawasaidiaje?